Barua za Kitinda Mimba

Sitaki kudanganya mtu: kompyuta ile niliinunua kwa wivu. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kuisha, na wenzangu waliokuwa nazo walisema ni za kufundishia watoto au kufungulia biashara. Mimi niliitaka ili mdogo wangu wa kike, anayekaa mtaa wa Kawangware, akome kujua mambo kabla yangu.

Ndugu yetu wa mwisho alikuwa Amerika. Alienda kusoma, akaoa huko huko. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, kwa hivyo alipoondoka aliniandikia mimi. Bahasha ilikuja na jina langu juu, na mwanzo wa barua haukubadilika hata siku moja: "Kwako dada uliyenibeba." Sikuifungua peke yangu. Desturi ya nyumba yetu ni kwamba habari za aliye mbali hupitia kwa kifungua mimba, basi Jumapili baada ya kanisa watu wetu wa mkoa wa Magharibi walikusanyika kwangu mtaa wa Olympic, hapa Nairobi, wengine wakitoka mitaa ya jirani ya Gatwekera na Raila. Nikishamimina chai, nilipasua bahasha kwa kisu cha jikoni mbele ya wote, nikasoma polepole. Hakuna aliyekohoa. Sikuwa na raha nyingine ya kupita hiyo, na sioni haya kuisema.

Kisha mdogo wangu akapata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja kidogo cha kompyuta huko Kawangware, na chuo kikaingiza intaneti. Jumapili moja nimeshika bahasha na kisu, sijaanza hata kukata, akaniuliza kama hiyo ndiyo barua ya mtoto kujifunza kusimama. Watu wakamgeukia. Akawaambia, huku akichovya mkate kwenye chai, kwamba mtoto wa ndugu yetu sasa anatembea, anakimbia, na juzi ameangusha redio. Nilipasua bahasha hata hivyo. Nikasoma habari za mtoto aliyeshika kiti akijaribu kusimama, na shangazi yetu akaniambia kwa upole niruke hapo, hiyo walishasikia.

Tangu siku hiyo nilimchukia mdogo wangu kwa namna ya kujificha. Akicheka, niliona ananicheka mimi. Akinyamaza, niliona ananihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Angekuwa ameniibia kuku ningemshtaki kwa wazee, lakini hili ningelisema vipi? Barua zilikuwa bado zinakuja, jina langu likiwa juu, isipokuwa kila moja ilifika ikiwa imepoa.

Nilikuwa na duka la kushona sare za shule, na dukani nilikuwa na simu, ile ya kuzungusha, nimeipiga kufuli ili wasichana wa cherehani wasiitumie. Niliposikia kwamba ofisi moja ya mawakili mjini inauza kompyuta zake za zamani, nilikimbilia moja. Ilikuwa na modemu ndani, yaani kile kifaa cha kupigia simu kampuni ya intaneti ili mtu aunganishwe. Nambari ya kampuni hiyo alinitajia mdogo wangu. Nilimwomba nikijifanya ni jambo dogo tu.

Haikuunganika. Nilibonyeza, kompyuta ikapiga simu yenyewe bila kujali kufuli langu, kengele ikalia mbali, halafu ndani ya mashine ikatoka sauti ya mama mzee ikisema halo. Mimi nililelewa: mtu mzima akikusalimu, unaitika. Nikaiinamia kompyuta, nikamwambia halo mama, habari za huko. Wasichana wakaacha kushona wakanitazama. Yule mama hakunisikia, alisikia milio ya mashine tu, akakata. Nikajaribu tena, akashika yeye yule. Kesho yake vilevile, na safari hiyo aliuliza kwa sauti ya kutetemeka ni nani huyo, na kama kuna msiba aambiwe tu.

Fundi wa redio kutoka Gatwekera alinibadilishia waya, akapuliza vumbi, akasema laini ndiyo mgonjwa. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Mdogo wangu alikuwa amenipa nambari ya uwongo makusudi, nisimfikie.

Nilimfuata Kawangware nikiwa nimechemka. Nilimngoja nje ya darasa, akatoka na chaki mikononi.

"Ulinipa nambari ya uwongo," nikamwambia.

Akapangusa mikono. "Dada, nikufanyie hivyo kwa nini?"

Nilijua kwa nini. Ningekuwa mimi, ningefanya. Lakini wanafunzi wake walikuwa wanasikiliza, nikageuka kurudi kwangu.

Jumamosi alikuja dukani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli, nikaingia chini ya meza kumwonyesha waya zinapoingia. Hakuzitazama. Aliiacha kompyuta ipige mara moja, akatega sikio.

"Hii ilikuwa ya ofisi?" akauliza. "Basi inatanguliza ziro yenyewe. Huko ofisini unapiga ziro ndio upate laini ya nje. Hapa kwako ukianza na ziro, umetoka Nairobi."

Kumbe yule mama alikuwa mji mwingine kabisa, anatolewa jikoni kwake kila nikibonyeza. Mdogo wangu akaiondoa ile ziro, akabonyeza. Mashine ikalia, ikakoroma, ikanyamaza. Akasema tumeingia. Nilimshukuru kama mtu anavyomshukuru jirani kwa chumvi, na alipoondoka nikamwandikia ndugu yetu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kwamba sasa habari zake azilete kwangu moja kwa moja.

Jibu lilikuja kabla ya Jumapili. Niliwafukuza wasichana wakanywe chai ili nisome peke yangu. Juu kulikuwa na anwani mbili, ya mdogo wangu kwanza, kisha yangu.

"Dada zangu wapendwa," alianza. "Nimefurahi dada mkubwa naye ameingia kwenye intaneti. Zile barua za posta nilikuwa naziandika kwa ajili yake tu. Sasa nitapumzika na mambo ya stempu."

Nilitafuta yale maneno ya dada uliyenibeba, nikateremka mpaka chini kabisa, nikapanda tena.

Jumapili watu walikuja kama kawaida. Nilimimina chai. Shangazi akauliza kama kuna barua, na macho yake yalikuwa kwangu. Kisu kilikuwa mezani. Nilikichukua nikakata mkate, na mdogo wangu akaanza kuwasimulia.