Leso Niliyomfunikia Wawira

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata rangi ya kiti nilichokalia. Kilikuwa kiti cha plastiki, cha kijani, katika kliniki moja mjini Embu. Nilikuwa nimekalia ncha yake tu, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Kulia kwangu aliketi mume wangu, Njeru. Katikati yetu alisimama binti yetu Wawira, mwenye miaka minane, akihesabu vigae vya sakafu. Bahasha ile ilikuwa na majibu ya kipimo cha ubongo wake.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia nawe umepewa karatasi kama ile ya mtoto wako, na tangu juzi huli ukashiba. Kaa nikwambie. Sitakuficha kitu, ingawa mengine yananitia aibu hadi leo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa mtu wa kujua kila kitu. Waulize watu wa rika langu pale Kianjokoma. Nguo za watoto wangu zilipigwa pasi, hata zile za kwendea kuchuma majani chai. Kanisani nilikaa benchi la pili, na mwenzangu akija na mtoto mwenye kamasi, nilimkazia macho hadi ampanguse. Ndiyo, nilikuwa hivyo. Usicheke sana, maana hata wewe nakuona una dalili.

Basi mtu kama huyo, siku moja mtoto wake anaanguka jikoni. Macho yanageuka, mwili unakakamaa na kutikisika, povu linamtoka. Nilipiga magoti nikidhani anakufa. Baadaye akatulia, akalala usingizi mzito, akaamka akaomba uji. Wiki tatu hazijaisha akaanguka tena, mara hii uani, na jirani alikuwa akipita njiani. Unajua nilichofanya? Nilifungua leso kiunoni nikamfunika mtoto wangu gubigubi, kichwa hadi miguu. Jirani akauliza kuna nini. Nikamwambia mtoto ana homa, amelala.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Akianguka, namfunika. Siku hizo watu wengi kwetu waliamini kwamba ukigusa povu la mtu wa kifafa, nawe utakipata, na kwamba nyumba yenye ugonjwa huo haiendewi na mchumba. Mama mkwe alinisifu kwa wepesi wa mkono. Njeru naye akisikia tu kishindo, alitoka nje akasimama shambani hadi nimwite. Mimi niliketi kando ya leso ile inayotikisika, nikiuchunga mlango nisije nikafumaniwa.

Mwalimu wake ndiye aliyetushinda nguvu. Wawira alipoanguka darasani, alituita akasema hatampokea tena mpaka tumpeleke hospitali. Tukaenda Embu, na kule daktari akatuandikia kipimo cha mawimbi ya ubongo, ambacho wakati huo tulikifuata Nairobi.

Karatasi ya maelekezo ilisema nywele zioshwe na zisipakwe mafuta. Mimi nikaona hayo ni ya watu wasiojipenda. Mtoto wangu aende Nairobi na nywele kavu? Nilimsuka mistari, nikampaka mafuta mpaka kichwa kikang'aa. Fundi wa mashine alitutazama tu, akatuonyesha bomba na sabuni. Nilizifumua nywele zile mstari kwa mstari, watu wakinipita, na Wawira akilia kwa usingizi, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa asilale sana usiku wa kuamkia siku ile. Kisha wakambandika waya nyingi kichwani kwa kitu kama ute. Nilidhani watampiga umeme. Kumbe waya zile hazipeleki chochote. Zinasikiliza tu umeme mdogo ambao ubongo wenyewe hutoa, na mashine inauchora kwa mistari. Wawira hakuumia hata kidogo. Alilala palepale kitandani, mistari ikaendelea kuchorwa.

Walipotupa bahasha walituambia tuipeleke kwa daktari wetu, yeye ndiye ataisoma. Mimi wa kujua kila kitu niliifungua kwenye benchi la nje. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane, lakini kilinitosha kuelewa kwamba mawimbi ya mtoto wangu si ya kawaida. Nilipigwa na butwaa. Nilimtazama Wawira akila ndizi pembeni yangu, mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikamwona kama mtu nisiyemjua. Mwanangu, hilo nililifanya, na sijawahi kumwambia yeye.

Ndiyo tukafika kwenye kile kiti cha kijani. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye macho yasiyokuachilia. Alisoma kimya. Mimi sikuweza kungoja.

"Daktari," nikasema, "hii ripoti inasema brain yake ni abnormal. Sasa atakuwa mwendawazimu?"

Akatikisa kichwa. Akatueleza polepole kwamba mistari ile haisemi chochote kuhusu akili ya mtoto wala maisha yake ya kesho. Ilionyesha mahali fulani, upande wa kushoto wa ubongo, ambapo umeme ulikuwa ukirukaruka. Wako watoto ambao mistari yao iko hivyo na hawajawahi kuanguka. Wako wengine wenye kifafa kabisa na mistari yao imetoka safi. Kwa hiyo karatasi peke yake haimalizi neno. Halafu akaisukuma kando, akatugeukia.

"Mimi sijawahi kumuona akianguka. Nyinyi ndio mmeona. Hebu mnieleze vile huanza. Ni mkono gani unaanza? Kichwa kinaangalia wapi? Inachukua dakika ngapi?"

Mtoto wangu alikuwa ameanguka mbele yangu zaidi ya mara kumi, na sikujua ni mkono gani. Njeru alikuwa akivitazama viatu vyake. Daktari akangoja. Wawira, bila kuacha vigae vyake, akajibu kwa niaba yetu.

"Mama hajui. Yeye hunifunika na leso. Nikiamka huwa ni giza, nafikiria nilikufa mkanizika."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, namna mtoto anavyoeleza alichokula mchana. Akaongeza kwamba ndiyo maana akiamka hasogei kwanza. Hungoja asikie kama kuna mtu analia.

Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili, na baadaye nikamzika Njeru. Sijawahi kupigwa na neno jinsi lile lilivyonipiga. Nilimwona daktari akisema nami nikachelewa kumsikia. Wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, hiyo leso ingemziba pumzi," kisha akatupa kazi. Safari ijayo tumlaze kwa ubavu, tuondoe vitu vigumu karibu yake, tusimtie kijiko wala kidole mdomoni, tutazame saa, na tutazame mtoto. Hasa alirudia hilo la mwisho.

Safari ijayo ilikuja Alhamisi, mahali nisipopataka kabisa: kwenye kituo cha kupimia majani chai, watu wote wamepanga foleni na vikapu vyao. Wawira alikuwa amekuja na baba yake kuniletea kikombe cha chai. Akaanguka katikati ya watu, na mkono wangu ukaenda kwenye leso kabla sijafikiri. Niliifungua. Nakwambia ukweli, niliishika na nikataka kumfunika. Nyuso zote zilikuwa zimenigeukia, hata za wale wa benchi la pili.

Nikaikunja, nikamwekea chini ya kichwa. Nikamgeuza ubavu. Njeru, aliyekuwa akitoka nje siku zote, alichuchumaa mbele yangu akakazia macho saa ya mkononi. Mwanamke mmoja akanionya nisimguse, nitaambukizwa.

"Huyu ni Wawira wangu," nikamwambia. "Ako na kifafa, na hakiambukizi. Kama hamsaidii, rudini kwa laini."

Daktari alikuwa bado hajakiita kifafa, lakini mimi nilikuwa nimechoka kusema homa. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikamtazama mtoto wangu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikirukaruka. Mkono wote wa kulia ukafuata, mdomo ukavutwa upande huohuo, macho yakaelekea huko. Kisha mwili mzima. Njeru akasema ni dakika mbili. Sikuangalia pembeni.

Alipofungua macho, alikuta uso wangu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaugusa, shavu hili, kwa kidole kilekile. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia mbele ya kituo kizima.

Tuliporudi kwa daktari tulikuwa na la kusema. Akatueleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, kwa hiyo mistari na macho yetu vilikuwa vinasema jambo moja. Sasa aliweza kukiita kifafa na kuchagua dawa. Haikuwa rahisi. Dawa ilimfanya asinzie darasani mpaka kipimo kikapunguzwa. Zipo nyumba mbili ambazo hazikunisalimia tena, na moja hadi leo. Wawira ana miaka thelathini na mitatu, ni fundi wa nguo kule Runyenjes, ameolewa, na kidonge chake hukimeza kila jioni. Mara ya mwisho kuanguka, hata yeye hakumbuki ilikuwa lini.

Basi nasaha yangu ni hii. Karatasi uliyonayo isome pamoja na daktari, si peke yako kwenye benchi. Kama mawimbi si ya kawaida, bado hujaambiwa mtoto wako ni nani. Akianguka, tazama. Siku hizi mna simu, mrekodi umpelekee daktari, lakini kwanza mgeuze ubavu. Ikipita dakika tano hajatulia, kimbia hospitali. Asiachwe peke yake na moto wa jikoni, na dawa usimkatize kwa sababu umeona amepata nafuu. Majirani watasema. Waache waseme, midomo ni yao. Wewe kazi yako ni mtoto.

Mungu akutulize moyo, mwanangu, na akupe daktari mwenye subira. Na kila mara mtoto wako atakapofungua macho, Mungu amjalie akukute hapo.