Darubini ya Binti wa Fundi Cherehani

Hili hamtaliamini hata nikiapa mara saba, lakini mwaka wa pili wa Uhuru, huku Mji wa Kale, binti wa jirani yangu fundi cherehani aliota darubini usoni. Aliletewa toka Adeni kijidude cha kutazamia picha, nacho ndicho kikawa macho yake. Chuoni kusoma Kurani haendi, maji hateki, akitembea hupapasa ukuta, na kidole gumba kazi yake moja, kubonyeza picha zizunguke: ka, ka, ka, ngamia yule yule mara mia. Akilishwa tonge, hupanua kinywa tu kama kinda la kunguru. Basi bibi yake akaja toka Lamu, siku mbili njiani, makusudi kumwona mjukuu. "Mwamkie bibi yako!" mamake akamhimiza. Msichana akainama, darubini haimtoki, akaubusu mkono wa hamali aliyebeba sanduku. "Marahaba, mwanangu," hamali akaitikia. Na bibi amesimama pale, mkono ameunyosha bure! Akalia yule bibi, akalia, machozi yakateremka ngazi, yakapita Ngome ya Yesu, yakaingia ba—

"Ami, muongo!" binti mwenyewe akanikata kauli hapo barazani tulipoketi, gumba lingali likienda. "Bibi hakulia. Alinyamaza tu."