Chai ya Nyayo

Pale Lugu, kijiji cha wakulima wa chai kwenye mteremko unaotazamana na Mlima Dongding, kila mtu alijua kwamba Su Bokseng anatengeneza chai nzuri, na kila mtu alijua kwamba mkewe haigusi. La kwanza lilisemwa mbele yake, la pili lilisemwa akishapita.

Bokseng alikuwa na miaka sitini na nane, mtu mfupi, asiye na maneno mengi, mwenye mabega ya kawaida na mikono ya kawaida. Miguu yake ndiyo haikuwa ya kawaida. Vidole vilikuwa vimeachana kama vya bata, visigino vimekomaa, na nyayo zimeiva rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni wala kwa jiwe. Ilikuwa rangi ya utomvu wa majani ya chai, na ilianza kumwingia akiwa na miaka kumi na minne.

Chai ya ulong ya mlima ule, kama walivyoijua wazee, hutaka jani lijikunje mpaka liwe dogo kama punje ya kunde. Likishaanikwa, likatikiswa, likakaangwa, majani yangali ya moto hufungwa kwenye kitambaa kigumu, kitambaa kikasokotwa mdomo mpaka furushi likawa duara kama mpira, ndipo linaviringishwa. Linafunguliwa, majani yanapukutishwa, yanapashwa moto, yanafungwa upya. Mara thelathini, mara arobaini. Nyumba zote za jirani zilikuwa zimeshanunua mashine ya kazi hiyo. Bokseng alifanya kama alivyofanya baba yake: alishika ubao uliopigiliwa ukutani, akapanda juu ya furushi akiwa peku, akalizungusha kwa nyayo, uzito wake wote ukiwa juu yake.

“Mkono ukichoka unadanganya,” alikuwa akisema, siku zile chache alizoulizwa. “Mashine haichoki, lakini haijui pa kukomea. Unyayo unasikia jani likikataa. Likikataa, unaliacha lipumue.”

Mkewe, Siokhui, aliolewa kutoka mji wa Zhushan, bondeni, ambako watu wanajua mianzi na viazi vitamu, chai wanaikuta kwenye kikombe. Asubuhi ya tatu baada ya harusi mama mkwe alimtuma awapelekee wanaume uji kwenye kibanda cha chai. Akawakuta wawili, baba mkwe na mume, wameshika ubao, suruali wamekunja hadi magotini, jasho linawatiririka miguuni mpaka kwenye kitambaa. Aliweka uji chini. Akakumbuka vikombe vyote alivyokunywa na kuvisifia mbele za watu tangu aingie nyumba ile. Akatoka nje akatapika nyuma ya banda la kuku.

Toka siku hiyo alikunywa maji ya moto. Ukipenda boga penda na ua lake, wanasema watu. Siokhui alilipenda boga, akalizalia binti, akaliuguza homa ya mapafu mara mbili, wala hakuwahi kulisema vibaya nje ya nyumba. Ua lilimshinda. Majirani walipomchokoza alikuwa na jibu moja tu: “Nyie mnakunywa kwa sababu hamlali na hiyo miguu.”

Na Bokseng? Kila asubuhi alitia maji kwenye birika dogo la udongo, akamimina vikombe viwili vidogo mithili ya finjani za kahawa, kimoja akanywa, kingine akakiweka dirishani upande wa mkewe. Hakusema karibu, hakusema kunywa. Kikombe kilipoa. Siokhui alipofika kufuta meza alikimwaga kwenye chungu cha ua la okidi kilichokaa hapo dirishani, akaosha kikombe, akakirudisha. Miaka thelathini na tisa. Okidi ile ilikuwa na majani mapana na maua mazito kuliko okidi yoyote kijijini, na wageni waliuliza inapewa mbolea gani.

Tusifiche: ilimuuma Bokseng. Alikuwa ameshapata sifa za kumtosha, na hakuwa mtu wa kutafuta zaidi. Alichotaka ni kwamba siku moja, wote wawili wangali hai, mkewe anywe kikombe kimoja tu, amwambie ni kitamu ama ni kibaya. Hata kibaya. Mtu aliyelala pembeni yako maisha yote asipojua unachokifanya kina ladha gani, ni kama hajakujua nusu. Lakini kumwomba hakuweza, na miaka ikapita hivyo.

Binti yao, Kaling, alifanya kazi benki huko Taichung, akapata mchumba, kijana wa familia ya Kho. Mwezi wa tatu wazazi wa kijana wakatoa taarifa kwamba watapanda mlima kuja kupanga siku ya harusi. Jioni ya kuamkia siku hiyo Siokhui aliitisha kikao jikoni.

“Wakiuliza chai imetengenezwaje, ni kwa mikono,” alisema. “Mmesikia? Mikono.”

“Mama, hawatauliza,” Kaling alisema.

“Wataachaje kuuliza? Baba yako hana kingine cha kuongea.” Akamrushia mumewe pea ya soksi nyeusi, bado zina karatasi ya dukani. “Na hizo uvae. Wakivua viatu mlangoni wakaona hizo nyayo, watadhani mtoto wao anaoa kwenye familia ya wachoma mkaa.”

“Mama Kaling, joto lote hili?”

“Vumilia. Mimi nimevumilia zaidi.”

Bokseng aliokota soksi. Hakuwa mwongo, ila hakuwa mbishi pia.

Wageni walifika saa nne asubuhi na maboksi ya keki za nanasi. Bibi Kho alikuwa mwanamke mnadhifu, mkoba kwapani, anayekalia nusu ya kiti. Bwana Kho alikuwa mnene, mcheshi, na alimwangalia kila mtu miguuni kabla hajamwangalia usoni, maana alikuwa ametengeneza viatu miaka thelathini na mitano, na macho yalishazoea kuanzia chini. Kijana wao Bunhiong alikaa katikati, kimya, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Bokseng alitoa chai ya masika ya mwaka uliotangulia, aliyoichoma mwenyewe mara tatu kwa mkaa wa mti wa matunda wa longani. Alimimina vikombe sita. Kimoja, kama kawaida, kilikwenda mbele ya mkewe, na mkewe, kama kawaida, alijimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa.

Bwana Kho alikunywa cha kwanza. Akanywa cha pili, akafumba macho. Chai ile kwanza hukupa moto, harufu ya kitu kilichokaushwa polepole. Halafu hukupa tunda lililoiva. Halafu, ukishameza na ukidhani yamekwisha, utamu hurudi kooni wenyewe na kukaa.

“Chai kama hii siipati siku hizi,” alisema. “Huko mjini wananiuzia chai ya kijani inayonukia maua, nikimaliza kumeza hakuna kitu. Imekuja, imeondoka. Hii imebaki. Mke wangu, unasikia imebaki?”

“Nzuri,” alisema Bibi Kho, na kwa kweli alikuwa kwenye kikombe cha tatu.

Majani yale yale yalipotiwa maji mara ya saba bado rangi ilikuwa ya asali. Bokseng alifunua birika, akatoa jani moja, akalinyoosha juu ya sahani: zima, halina tundu, tumbo la kijani na ukingo mwekundu pande zote. Bwana Kho aliligeuza kwa kidole.

“Halijapasuka hata kidogo. Umelifungaje mpaka likawa punje na bado likafunguka hivi?”

“Kwa mikono,” Kaling aliwahi. “Baba anatumia mikono. Kama zamani.”

Njia ya mwongo ni fupi, na kwa Kaling ilikuwa fupi mno. Bwana Kho aliitazama mikono ya Bokseng iliyokuwa imeshika birika. Halafu, kwa mazoea tu, bila ubaya wowote, macho yake yakashuka mpaka kwenye soksi.

“Mkwe,” alisema, “niseme kitu, usinichukie, ni ugonjwa wa kazi. Mimi miguu naisoma hata ndani ya soksi. Mikono yako ni ya mtu anayechuma na kumimina. Lakini hiyo miguu! Tangu umetufungulia mlango najiuliza. Mtu anayetembea sana anachoka kisigino. Anayebeba mizigo unyayo wake hulala bapa. Wewe vidole vyako vimefunguka kama vinashika kitu. Sijawahi kuona. Vinashika nini?”

Siokhui alimkanyaga mumewe chini ya meza. Bokseng akausikia ule mguu wa mkewe juu ya wake, akasikia na joto la soksi, akachoka. Aliinama, akavua soksi moja, akavua ya pili, akazikunja vizuri akaziweka kando ya sahani ya mbegu za tikiti.

“Vinashika chai,” alisema. “Naviringisha kwa miguu. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Nanawa kwanza.”

Nyayo zake zilikuwa juu ya sakafu nyeupe, za kahawia, hazina pa kujificha. Bunhiong alitazama dari. Bwana Kho alifungua mdomo akacheka, “Ala! Ndiyo maana!” na angeendelea, lakini mkewe alikuwa ameshaweka kikombe chini na kukisukuma mbali kwa ncha ya kidole.

“Vikombe vitatu,” alisema Bibi Kho. Alitoa leso akajifuta midomo. “Kwetu sisi miguu ni ya kukanyagia njia. Samahanini, kila nyumba na desturi zake, lakini mgeni huambiwa kabla.”

“Mama,” alisema Bunhiong.

“Usiniite mama. Wewe ulijua?” Kisha akamgeukia Siokhui, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba na yeye ana macho. “Wenyewe hamuinywi. Nimekutazama, dada, tangu tuketi. Sisi umetupa chai, wewe unakunywa maji. Kikombe chako hicho hapo, hujakigusa. Kama ni safi, mbona mwenye nyumba haitaki?”

Kaling aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Bokseng aliangalia kile kikombe, kilichokuwa kimesimama mahali pale pale kinaposimama siku zote, akaona kwamba mwanamke huyu mgeni amesema kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo yeye hakuthubutu kulisema kwa miaka thelathini na tisa. Aibu aliyoisikia haikuwa ya miguu.

Siokhui alikuwa na haki ya kuitukana ile miguu. Alikuwa ameilipia haki hiyo kwa kuisugua, kuipaka mafuta ikipasuka wakati wa baridi, kuikanda ikishikwa na mkakamao usiku wa kazi. Haki hiyo hakukumbuka kumgawia mtu mwingine. Shingo ilimsimama.

“Nani kasema siitaki?” alisema. “Nasubiri ipoe.”

Akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Hakunywa kwa kufumba pua, wala hakuimeza mara moja kama dawa. Alikunywa kama wanavyokunywa watu wa mlima ule, kwa kuvuta na hewa kidogo, kwa mlio. Akakaa nayo mdomoni. Kila mtu mezani alimwona akimeza, na Bokseng, aliyekuwa karibu zaidi, alimwona akisubiri, kisha akaona uso wake ukibadilika kidogo pale utamu uliporudi.

Alisukuma kikombe kitupu kuelekea kwa mumewe.

“Mimina,” alisema. “Unashangaa nini?”

Bokseng alimimina, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akimwaga chai mezani.

Bwana Kho alipiga meza akasema basi yeye amepata wakwe, na kwamba kama kuna kiatu kinachoweza kuingia miguu ile atakitengeneza mwenyewe, bure, kiwe zawadi ya harusi. Bibi Kho hakunywa tena siku ile. Ila hakuondoka pia. Alikula kuku wa machipukizi ya mwanzi sahani mbili, na kabla ya saa tisa harusi ilikuwa imepangiwa mwezi wa kumi. Wakati wa kuaga alimshika Siokhui mkono mlangoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyodai. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, ingawa huyu hakuja na nia hiyo.

Usiku wote Bokseng hakuuliza kitu. Alijua mkewe: angeweza kunywa sumu ili asishindwe mbele ya watu. Kunywa kwa hasira si kunywa. Mwanamke alilala akimpa mgongo, akakoroma kama kawaida yake.

Asubuhi alimimina vikombe viwili. Kimoja alikunywa, kingine alikiweka dirishani. Hakusema karibu. Akatoka kwenda kuangalia machipukizi upande wa juu wa shamba, akakaa huko muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Aliporudi kikombe kilikuwa kimeoshwa na kurudishwa mahali pake, kama siku zote. Alisimama hapo. Sauti ya kisu ilikuwa ikisikika jikoni, Siokhui anakata mboga. Bokseng aliisogelea okidi taratibu, akaingiza kidole kwenye chungu mpaka kwenye pingili ya pili.

Udongo ulikuwa mkavu.

“Unachimba nini hapo?” Siokhui aliuliza kutoka jikoni. “Lipe hilo ua lako maji. Litakufa na kiu.”

Bokseng akaenda kuchota maji.