Folda ya Marehemu

Jina la Bi Kumbukumbu hakujipachika mwenyewe, walimpa wauguzi. Miaka ishirini na mitatu alikaa masjala ya hospitali, na ungemtajia mgonjwa wa zamani angekutajia kabati, rafu, na kama mgonjwa mwenyewe alikuwa mkorofi. Watu wa kompyuta walipokuja kuyapiga skani majalada yote na kuyahamishia kwenye seva ya makao makuu, safari ya siku nzima kutoka pale, aliwatazama wakibeba maboksi akasema, "Haya, chukueni. Mtanirudia tu." Walicheka. Naye alicheka, maana alikuwa na domo, huyo, Mungu amsamehe.

Asubuhi hiyo hakuwa na la kuchekesha. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, yule aliyemlea mgongoni tangu anatambaa, alikuwa ghorofa ya pili kwenye chumba cha upasuaji. Mimba ya miezi minane, damu inamtoka. Mumewe yuko safarini na simu haipatikani. Daktari alishuka ngazi mwenyewe.

"Dada, mdogo wako aliwahi kupasuliwa hapa?"

"Miaka sita iliyopita. Uvimbe."

"Dawa ya usingizi ilimkataa?"

"Ilimkataa! Moyo ulisimama. Walimrudisha kwa kudra za Mungu tu."

"Dawa gani?"

Siku ile Bi Kumbukumbu aliikumbuka mpaka kanga aliyojifunga, lakini jina la dawa, ng'o!

"Leo nina mbili tu," daktari alisema. "Moja huenda ndiyo hiyo, na sijui ni ipi. Sindano ya ganzi mgongoni siwezi, amevuja damu mno. Mwenyewe hasemi tena. Nitafutie jalada lake. Nasubiri nusu saa. Zaidi ya hapo mtoto naye tunamkosa."

Jalada la karatasi lilishachomwa moto pamoja na wenzake baada ya skani. Kwenye seva kila jalada liliitwa kwa namba ya kadi, na kadi ilikuwa nyumbani kwa mgonjwa, mlango umefungwa kwa kufuli. Bila namba, ni kufungua picha moja moja, na picha zilikuwa zaidi ya laki. Kilichobaki ni msaidizi wa akili mnemba, programu ya kompyuta. Walimweka kwenye kompyuta yake mwezi uliopita, wakasema anaweza kusoma hata mwandiko wa madaktari, jambo linalowashinda madaktari wenyewe. Ila alikuwa bado hajaunganishwa na seva. Semina ilipangwa wiki ijayo.

Akampigia fundi wa kompyuta, wanayemwita Waya. Waya alikuwa likizo.

"Mama, subiri nirudi Jumatatu, tutaunganisha vizuri."

"Jumatatu nitakuwa nazika! Niambie nibonyeze wapi!"

Waya akaamka, sauti ikabadilika. Akamtajia anwani ya seva herufi moja moja, akamtajia jina la kuingilia na neno la siri. Bi Kumbukumbu akakosea mara mbili kuandika. Kisha seva ikatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya Waya, Waya akaisoma, Bi Kumbukumbu akaiandika, ukurasa ukafunguka.

"Sasa unaona orodha ya folda," Waya alisema. "Kila unayotaka msaidizi aisome, tia tiki. Usipotia, kwake yeye haipo duniani. Na chagua kabisa, maana ukitaka kubadilisha itabidi tuanze upya na namba nyingine."

Akatia tiki. Wagonjwa wa nje. Waliolazwa. Wazazi. Upasuaji. Watoto. Ya mwisho iliandikwa Marehemu. Mkono ukasimama. Amtafute mdogo wake huko, na mdogo wake yuko juu anapumua? Mdomo huumba, na mkono je? Akairuka. Akabonyeza kitufe cha kukubali, akamshukuru Waya, akakata simu.

Akamwandikia msaidizi jina la mdogo wake, umri, mwaka, uvimbe, dawa ya usingizi iliyomkataa. Msaidizi akaanza kusoma. Dakika zikaenda. Bi Kumbukumbu alisimama, akakaa, akasimama tena. Baada ya dakika tisa jibu likaja: "Nimesoma folda tano nilizoruhusiwa. Sikumpata mgonjwa huyu. Je, kuna mahali pengine majalada yanapohifadhiwa?"

"Hakuna!" alimfokea, kana kwamba ana masikio. Akabadilisha herufi za jina. Akaandika jina la baba tu. Hakuna. Akalirudia swali lile la mwisho kwa macho, na hapo ndipo alipokumbuka.

Mahali pengine palikuwepo. Masjala nzima walipajua, na bosi hakupajua. Wafanyakazi wa hospitali wana maneno, na jalada la ndugu yako likikaa wazi, mchana huu litasomwa jikoni na kesho litasomwa sokoni. Kwa hiyo watu wa masjala walijiwekea utaratibu wao: jalada la mtu wa nyumbani linapigwa skani kimyakimya na kutiwa kwenye folda ya marehemu. Nani atachungulia ya marehemu? Alikuwa amewafichia wengi, mke wa mhasibu, mama wa mpishi, mtoto wa mlinzi, hata akasahau idadi. Na la mdogo wake alilitia yeye mwenyewe, kwa mikono hii hii, akajipongeza kwa kumstahi.

Akampigia Waya. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. "Ewe mwanaume, unaongea na nani!" Akapiga mara ya tano, ya sita, machozi yanadondokea kwenye vitufe. Waya alipopokea alikuwa anapumua kwa kasi. Kumbe naye alikuwa anampigia daktari kuomba awaongezee muda. Wakakata muunganisho, wakaanza upya: anwani, jina, neno la siri, namba. Safari hii Bi Kumbukumbu alitia tiki moja tu.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema kwa sauti. "Nisamehe, si kwa ubaya."

Msaidizi hakuchukua hata dakika mbili. Akamletea ukurasa wenye doa la chai pembeni, na chini yake akauandika kwa herufi safi: mgonjwa alipewa dawa fulani, moyo ulisimama, asipewe tena maishani. Jina la dawa lilikuwa pale, limepigiwa mistari miwili na daktari wa siku zile.

Simu ya ndani ya chumba cha upasuaji iliita bila kupokelewa. Akaandika jina la dawa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akatoka mbio. Viatu vilimwacha kwenye ngazi, hakugeuka. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba nusu saa aliyoahidi daktari ilishapita, na dakika kumi juu yake.

Mlango ulikuwa umefungwa, taa nyekundu juu yake inawaka. Akaugonga kwa viganja vyote viwili. "Si hii! Mwambieni daktari asitumie hii! Nimelipata!"

Mlango ukafunguliwa kidogo. Akatoka muuguzi mkubwa, mwenzake wa miaka mingi, yule aliyembatiza jina la Kumbukumbu. Akaipokea karatasi. Akaisoma mara moja, akafumba macho.

"Tulisubiri, dada," alisema. "Tulisubiri mpaka mapigo ya mtoto yakaanza kupotea, ikabidi daktari achague moja, akachagua hii. Mtoto tumemwokoa. Wa kike."

Bi Kumbukumbu akasimama pale miguu mitupu, anamtazama mdomoni, anasubiri amalizie. Muuguzi akaikunja ile karatasi, akaikunja tena, akaitia mfukoni, ndipo akamshika mikono.