Vitabu vya Kugandisha Wafu

Jumanne nilikuwa mochwari hapa Goma, nikingoja maiti ya shangazi yangu. Bwana mmoja aliyerudi kutoka Ulaya alikuwa akitugawia wafiwa vitabu, zawadi tu. Alisema vinaeleza jinsi maiti inavyogandishwa kwenye baridi kali, hadi siku madaktari watakapopata njia ya kuifufua.

Mama mmoja wa Kibumba, mkimbizi wa vita anayeishi kambini Lac Vert, alikipokea chake kwa mikono miwili. Alikuja kumchukua mume wake, aliyeuawa na bomu.

"Papa, huyu mutu akiamuka, atarudia wapi?" alimuuliza bwana yule kwa upole.

"Nyumbani kwake, mama."

"Kwetu kuko vita. Ataamukia mu hema?"

Bwana yule alifungua kitabu, akapekua kurasa, akakifunga. Mlinzi wa mochwari akatoka kututangazia kwamba umeme umekatika, kila mtu azike leo. Mama akakiweka kitabu juu ya benchi na kuingia ndani.

Sijui kama waliorusha bomu lile nao waligawiwa kitabu hicho. Wanaua kama watu walioahidiwa kwamba maiti huamka.