Paa Aliyebaki Shambani kwa Len

Wiki iliyopita nilikwenda kununua vitunguu vya hitima ya baba yangu. Nyuma ya duka la mboga, hapa Thornton Heath, kusini mwa London, muuzaji alikuwa akibandua majani ya nje ya kabichi na kuyatupa chini, na mvua ilikuwa imeyalowesha. Ile harufu ya kabichi iliyolowa na kuanza kuoza ilinikamata, nikasimama na mfuko mkononi. Watu walinipita wakidhani nimesahau kitu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimelala kifudifudi kwenye matope ubavuni mwa baba, na baba ameshika bunduki.

Walioonana naye msikitini watashangaa. Baba alikuwa mtu wa mjini Unguja, fundi cherehani, mwenye vidole laini. Alikuja Uingereza miaka michache baada ya mapinduzi, akaishia kufua mashuka ya hospitali siku za kazi, na Jumamosi kukata kabichi katika shamba la Mzungu mmoja aitwaye Len, ukishaipita Croydon. Alfajiri paa walishuka kutoka kichakani wakala mboga, na Len alikuwa na ruhusa ya kuwapiga risasi. Hawakuwa paa wa kwetu hasa. Walikuwa wakubwa zaidi, na matakoni wana doa jeupe. Lakini Bibi aliwaita paa, nasi tukawaita hivyo.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeanzisha yote. Alizaliwa kusini Unguja, kwa watu wanaowinda, na kipupwe kile alikuwa amelazwa chumbani kwangu, hataki kula. Sahani ya kuku aliisukuma. Samaki wa barafu, alisema, ana ladha ya karatasi. Siku moja akasema, "Ningepata supu ya paa, ningeinuka."

"Utaipata, mama," baba akajibu hapo hapo.

Jikoni mama alicheka hadi akashika meza. "Wewe, baba Salma? Wewe uliyekuwa ukipeleka kuku kwa jirani akuchinjie?"

"Nitajifunza."

Akajifunza, na mimi nikawa nakwenda naye ili mama amuuguze Bibi kwa utulivu. Len alikuwa mzee mfupi mwenye pua nyekundu, mchache wa maneno. Alimwazima baba bunduki, akatufundisha kwenda tukiupokea upepo usoni, kuinua mguu polepole kama mtu anayepita penye mtoto mchanga aliyelala, na kuganda paa anapoinua kichwa, hata pua ikiwasha. Jumamosi ya kwanza hatukuona hata mmoja. Len alinusa hewa, kisha akamnusa baba, akauliza ni moshi gani huo. Mama alikuwa amelifukiza koti kwa udi, kama alivyofanya kila Ijumaa.

"Paa wote kutoka hapa hadi baharini wanajua umefika," alisema Len.

Basi koti likaning'inia uani wiki nzima, na mama akanung'unika kwamba mumewe anakwenda kunuka mbwa ili ampendeze mnyama.

Baba alikuwa na masharti yake pia. Maalimu wa msikitini alimwambia asome Bismillahi anapofyatua, ili nyama iwe halali, na akimkuta mnyama bado yu hai, amchinje upesi. Kwa hiyo alibeba kisu kipya kiunoni. Len naye alikuwa na sharti moja, na alilirudia kila tulipotoka: "Ukishapiga, kaa. Kunywa chai. Ukimfuata mara moja, atainuka na kukimbia na jeraha lake." Baba aliitikia kwa kichwa. Masharti ya watu hawa wawili yalikuwa yakigombana, na hakuna aliyeliona hilo, hata baba mwenyewe.

Jumamosi ya nne, Bibi alikuwa amefikia kumeza maji kwa kijiko. Tulipokuwa tukivaa viatu alimwita baba, akamshika mkono. "Leo?"

"Leo, inshallah."

Kulipopambazuka, paa jike alitoka kichakani akaanza kula pembeni mwa kabichi. Barafu ilikuwa imeyagandisha majani, na nilisikia anavyoyatafuna. Tulilala chini, Len nyuma yetu, bega langu limegusana na la baba. Nilisikia pumzi yake ikitoka taratibu, kisha ukaja mlio. Niliusikia hadi kwenye meno. Paa akaanguka pale pale.

Na baba akainuka akakimbia.

"Kaa chini! Kaa chini, we bwana!" Len alipiga kelele. Baba alikuwa kashachomoa kisu, anateleza juu ya kabichi, anataka kumuwahi mnyama kabla roho haijatoka. Alipiga goti akamwekea mkono shingoni. Paa akafumbua jicho. Kisha akalia. Sikuwa najua paa ana sauti, na sauti ile ilikuwa kama ya mtu. Alimpiga baba teke akamwangusha, akasimama kwa miguu mitatu, akaingia kichakani.

Tulimtafuta zaidi ya saa moja, tukifuata matone mekundu juu ya barafu. Len hakumgombeza baba, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake. Alituonyesha tu mahali majani yalipolala. Hapa alijilaza akatusikia akainuka. Mbele kidogo, tena. Mara mbili mnyama yule alitaka kufa, na mara mbili tulimwinua. Tulimkuta chini ya ua wa miiba, ameshakufa, macho wazi.

Baba alichuchumaa na kisu ambacho hakikuwa na kazi tena. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Salma, ulinisikia nikisoma Bismillahi nilipopiga?"

Nilijua kuna jibu moja linalompelekea Bibi supu. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimelala ubavuni mwake, na nilichosikia ni pumzi na mlio, basi.

"Hapana, Baba."

"Haya," alisema. Akainuka, akamwambia Len amchukue yule paa.

"Ni nyama nzuri hii," Len alisema. Alimtazama baba, akanitazama mimi, asielewe.

Nyumbani Bibi aliuliza kutoka kitandani, "Yuko wapi?"

"Katoroka, mama."

Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo kabla ya hapo. Niliganda mlangoni. Bibi alitabasamu. "Wajanja hao," akasema, akageukia ukuta. Jumatano alifariki.

Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe. Miaka na miaka niliamini kwamba ulimi wangu ndio uliomnyima Bibi tonge lake la mwisho. Halafu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, mwalimu wa darsa la wanawake akatueleza kwamba katika madhehebu yetu aliyesahau Bismillahi hana lawama, na nyama yake inaliwa. Nilitoka nje bila viatu. Sikumuuliza baba. Niliogopa kumwonyesha kwamba alikosea.

Nilimuuliza mwezi mmoja kabla hajafa, nikimkata kucha.

"Nilijua," alisema. "Maalimu alinambia mapema."

Mkasi uliniponyoka. "Sasa kwa nini uliniuliza?"

Aliziangalia kucha zake. "Nilitaka mtu anikataze. Niliona pale alipolala mara mbili. Sikuweza kumtia yule sufuriani, na sikuweza kumwambia mama kwamba nimeshindwa. Uliposema hapana, nilishukuru."

Nilimuuliza kama alijua mimi nilibaki na mzigo gani.

"Sikujua," alisema. "Sikukutazama."

Sitawadanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Shambani nilidhani naulizwa kuhusu dini, kumbe mtu mzima alikuwa akimwomba mtoto amtoe penye aibu, na mtoto akamtoa bila kujua, akabaki yeye ndani. Niliporudi chumbani alikuwa bado macho, kucha za mkono mmoja hazijakatwa.

"Bibi nilimnyima mimi," alisema. "Si wewe, mwanangu."

Maneno hayo niliyahitaji nikiwa na miaka tisa. Nimeyapata nikiwa na arobaini na sita. Niliuchukua mkono wake uliobaki, nikaendelea kukata.