Mpiga pasi aliyekataa mtu afungiwe kabla ya kusikilizwa

Asubuhi mapema, mvuke umeshajaa duka la dobi hadi kioo cha mlangoni kimefanya ukungu. Mama Pasi amesimama nyuma ya meza ndefu, mkono mmoja umeshika pasi, mwingine unalainisha ukosi wa shati jeupe. Shati lenyewe halitazami. Macho yake yako kwa mchezaji mrefu aliyeegemea kaunta, anayelalamika kwamba kocha wake amemwacha nje ya kikosi bila kumwambia sababu.

"Umemuuliza?" anasema Mama Pasi.

"Nimuulize vipi, mama, na ameshakasirika?"

"Basi nitamuuliza mimi. Lakini naye akija na maneno yake, ujue nitamsikiliza vilevile."

Mchezaji anakuna kichwa. Alikuja kutafuta wa kumtetea, amepata wa kumsikiliza. Anapokea suruali yake iliyonyooshwa, anaaga, anatoka akiinama ili asigonge kizingiti.

Hivi ndivyo siku za mama huyu zinavyokwenda. Kwa ajira ni mpiga pasi. Kwa kujitolea ni mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya chama cha mpira wa wavu, chama cha ridhaa ambacho wachezaji wake ni mafundi, wauguzi, madereva na wauza duka wanaokutana uwanjani wakitoka kazini.

Jina la utani lilianza zamani, alipokuwa akichezea timu ya wanawake na kazi yake ilikuwa kuwapa wenzake mipira ya kupiga. Goti likamtoa uwanjani, jina likabaki.

"Ujanani nilitoa pasi, sasa napiga pasi," anasema na kucheka mpaka mabega yanatikisika. "Mwenyezi Mungu aliona neno moja linanitosha."

Chama hakimlipi chochote. Nauli ya kwenda kwenye mashauri hutoka mfukoni mwake, na mara nyingine hata chai ya mashahidi. Ukimuuliza kwa nini anajitwisha mzigo huo, anaweka pasi kando na kumtaja baba yake.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Siku moja alifika kazini, mlinzi akamzuia getini na kumwambia jina lake limeondolewa. Hakuitwa ofisini wala hakuambiwa kosa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapata kazi nyingine, akasomesha watoto.

"Kufukuzwa alikusahau," anasema Mama Pasi. "Kutoambiwa ndiko kulikomla. Hata alipokuwa kitandani, mgonjwa, alikuwa akituuliza sisi: 'Hivi wanangu, mimi nilikosa nini?' Utamjibu nini mzazi wako?"

Lakini kisa kilichomfanya ajulikane hata na wasiopenda michezo kilitokea kwenye fainali ya msimu uliopita.

Katika mpira wa wavu mwamuzi husimama juu ya kiti kirefu cha chuma kando ya wavu, ili aone pande zote mbili. Siku hiyo alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta, mwenye filimbi inayoheshimika. Mchezo ulikuwa umefika patamu. Mpira ukaanguka karibu na mstari, mzee akatoa uamuzi, wachezaji wa upande mmoja wakamzingira wakipiga kelele. Mara kiti kikalala. Mzee akaanguka kwenye saruji na mkono ukavunjika.

Macho yote yakamwendea nahodha wa timu iliyokuwa ikilalamika, jitu la miraba minne, fundi mwashi, ambaye kwa mikwaju yake wamembandika jina la Nyundo. Mzee hajanyanyuliwa bado, mwenyekiti wa chama akashika kipaza sauti na kutangaza: Nyundo amefungiwa maisha. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

Mama Pasi, aliyekuwa amepiga magoti akimshikia mzee kichwa, alinyanyuka na kumfuata mwenyekiti.

"Adhabu hiyo haipo," alimwambia. "Kanuni zetu zinasema mtu aitwe, aelezwe kosa lake, apewe muda wa kujiandaa, kisha asikilizwe."

"Mama Pasi, watu wote hawa wameona! Unataka kusikiliza nini tena?"

"Nataka kumsikia yule ambaye hajaulizwa."

Maneno hayo yalimgharimu. Mashabiki waliona anamkingia kifua mhalifu. Wateja kadhaa walikuja kuchukua nguo zao hata kabla hazijafuliwa, na bomba la kutundikia mashati likabaki na nafasi ambazo hazikuwahi kuonekana. Mwenye duka akamwita pembeni.

"Dada yangu, hapa ni kwa dobi, si mahakamani. Chagua."

"Niache nimalize hili moja," alijibu. "Baada ya hapo ukinifukuza, angalau nitajua sababu."

Mwenye duka alicheka bila kupenda, akamwacha.

Akaanza maandalizi. Nyundo alipelekewa barua yenye tuhuma yake na jina la kila shahidi, akaambiwa anaweza kuja na mtu wa kumsemea. Mjumbe mmoja wa kamati aliombwa akae nje ya shauri kwa sababu alikuwa shemeji wa kocha wa timu pinzani. Shemeji alinuna. Alisema yeye ni mtu wa haki na kila mtu anamjua.

"Najua wewe ni mtu wa haki," Mama Pasi alimwambia. "Lakini Nyundo hajui, na anayehukumiwa ni yeye."

Shauri lilisikilizwa Jumamosi mchana katika darasa la shule ya chekechea, ndicho chumba pekee walichoazimwa. Viti vilikuwa vya watoto. Wachezaji wa mpira wa wavu, watu wenye miguu kama nguzo, walikaa magoti yakigusa videvu. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama, na darini zilining'inia nyota za karatasi.

Mzee wa posta alikuja na mkono wake ukiwa kwenye plasta. Nyundo alikuja na dada yake mkubwa, muuza mkaa, aliyejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupigana.

Mashahidi wakaanza kusimulia. Wa kwanza alisema nahodha alisukuma kiti kwa mkono wa kulia. Wa pili akasema hapana, alikipiga teke. Wa tatu alieleza kwa ufasaha mkubwa, akionyesha hata kwa vitendo, mpaka dada alipomuuliza yeye alikuwa amesimama wapi. Kumbe alikuwa nje ya uwanja amekwenda kununua maji, na kisa chote alikisikia kwenye foleni.

Kisha dada akamgeukia mzee. Sauti ikashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na mkono. Nakuuliza kwa heshima. Ulimwona ndugu yangu akikusukuma?"

Wote mle ndani walijua kwamba neno moja tu kutoka kwake lingetosha.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimegeuka nimtazame mshika kibendera. Nilihisi tu kiti kinakwenda. Wameniambia ni yeye, nami nikaamini. Lakini macho yangu hayakuona, siwezi kuyasingizia."

Dada alikaa chini huku akijitahidi kuficha tabasamu. Tuhuma haikuwa na mguu wa kusimamia. Wajumbe wakatazamana, na mwenyekiti wa chama, aliyekaa nyuma kama msikilizaji, akashika tama.

Mama Pasi akamgeukia Nyundo. "Hulazimiki kusema neno. Lakini zamu yako ni hii, na hakuna atakayekukatiza."

Nyundo akasimama. Nyota za karatasi zikamgusa kichwani.

"Ni mimi," alisema.

"Wee!" Dada alimvuta shati. "Kaa chini! Umelogwa?"

"Dada, niache. Ni mimi. Nilishika mguu wa kiti nikautikisa ili ashtuke. Sikutaka aanguke. Alipoanguka niliusikia mfupa. Mpaka leo nausikia."

Mjumbe mmoja akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa akikiwaza: kwa nini aseme sasa, wakati ushahidi wote umeanguka na mlango uko wazi?

Nyundo akamgeukia mjumbe. Si mtu wa maneno mengi.

"Tangu utoto wangu, nikikosea napigwa kwanza, naulizwa baadaye. Ukishapigwa unaona mmemalizana, ukweli unabaki nao tumboni. Siku ile walipotangaza, niliapa nitakana mpaka kaburini. Leo nimekaa hapa mchana kutwa na hakuna aliyenikaripia. Hata huyu mzee niliyemvunja mkono amekataa kunisingizia. Sasa mimi nitatokaje hapa na uongo?"

Mama Pasi anaposimulia sehemu hii, pasi imesimama hewani na mvuke unatoka peke yake.

"Nywele zilinisimama," anasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nafuata kanuni kwa sababu ni kanuni. Nilidhani kazi ya kanuni ni kumlinda mtu asionewe, basi. Sikujua kama zinaweza kumfungua mtu namna ile. Niliogopa, nikuambie ukweli. Niliogopa kama mtu aliyeingia kusali akakuta anajibiwa."

Mzee wa posta ndiye aliyezungumza wa kwanza. Alijiinua kwa shida kutoka kwenye kile kiti kidogo.

"Kijana, umeniumiza, na sitasema hujaniumiza. Lakini nimepuliza filimbi umri wangu wote. Wachezaji huficha hata mpira uliowagusa ncha ya kidole. Sijawahi kuona anayejitaja mwenyewe kwa jambo kubwa hivi."

Kamati ilijifungia kujadili. Mmoja alitaka afungiwe maisha, mwingine alitaka asamehewe papo hapo. Walivutana hadi jua likaanza kulala. Mwishowe wakaamua: msimu mzima nje ya uwanja, na unahodha avuliwe. Mama Pasi akamsomea uamuzi pamoja na sababu zake, kisha akamweleza haki yake ya kukata rufaa.

"Nikate rufaa dhidi ya mdomo wangu mwenyewe?" Nyundo aliuliza, na kwa mara ya kwanza mchana ule watu wakacheka, hata dada yake.

Mambo hayakuwa asali yote baada ya hapo. Timu ya Nyundo imeshuka daraja bila yeye, na wapo mashabiki wanaovuka barabara wakimwona Mama Pasi. Dada mtu alikaa muda mrefu bila kuzungumza na nduguye. "Nilikuwa nimeshamtoa shimoni," anasema, "yeye akarudi kuchukua viatu." Lakini hadi mzee alipofunguliwa plasta, kuna mtu aliyekuwa akimtekea maji kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye ujenzi. Kamati haikumwagiza. Mzee anasema siku ya kwanza alimfukuza, ya pili akamfungulia mlango.

Wateja nao wamerudi dukani mmoja mmoja, wengine na mashati yasiyohitaji kupigwa pasi.

Sasa Mama Pasi ana jambo jipya. Mwalimu mkuu wa ile chekechea amekubali kuwapa stoo ya nyuma iliyojaa madawati mabovu, na timu ya wanawake imeahidi kuja Jumapili kuiondolea takataka na kuipaka chokaa. Anataka iwe ofisi ya kupokea malalamiko. Fundi wa kusimika mlango ameshapatikana: ni Nyundo, ambaye amesema bado ana mikono hata kama hana jezi.

"Dirisha litakuja baadaye," anasema Mama Pasi akikunja shati na kulipanga juu ya mengine. "Mlango ndio wa kwanza."

Anatupa jicho kwenye foleni ya wateja, anainamia kaunta, anapunguza sauti.

"Kuna binti mmoja wa timu ya wanawake ana neno lake. Nusu amenisimulia hapahapa, akijifanya amekuja kuchukua sketi. Hiyo nusu nyingine inataka mlango unaofungika."